Usugu wa mbu: tumeng'ang'ania neva, tubadili shabaha

Mbu anayetua kwenye chandarua chenye dawa hafi kwa kukosa pumzi wala kwa kuungua tumbo, kama wengi wanavyodhani. Anagusa uzi kwa miguu, dawa inapenya ngozi yake ngumu, na baada ya dakika chache miguu inaanza kutetemeka, mabawa yanapiga ovyo bila kumwinua, kisha anaanguka chali huku akirusharusha miguu. Kinachomwangusha ni neva zake mwenyewe, ambazo zimeshindwa kunyamaza. Ishara iliyotakiwa kupita mara moja na kwisha inajirudia tena na tena, hadi misuli haijui ifuate amri ipi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini katika maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya na kwingineko, mbu wa leo anatua kwenye chandarua hicho hicho, anapumzika, na anaondoka na uhai wake. Tumezoea kulieleza jambo hili kwa neno moja, usugu, kana kwamba mbu amekuwa mkaidi tu. Nasema usugu huo hauwezi kueleweka wala kudhibitiwa na asiyejua jinsi ishara inavyosafiri ndani ya neva. Na anayelijua hilo ataona kwamba kwa karibu miaka 80 tumeelekeza sehemu kubwa ya silaha zetu dhidi ya malaria mahali pamoja.

Neva ni fungu la nyuzi, na kila uzi ni mkia mrefu wa seli moja ya neva, mkia unaoitwa aksoni. Uzi ukiwa umetulia, ndani yake kuna potasiamu nyingi na nje kuna sodiamu nyingi. Tofauti hiyo haitunzwi bure. Kwenye utando wa seli kuna protini inayofanya kazi usiku na mchana, ikitoa ayoni 3 za sodiamu kwa kila ayoni 2 za potasiamu inazoingiza, na gharama yake inalipwa kwa nishati ya chakula tunachokula. Jens Christian Skou wa Denmark, aliyeigundua mwaka 1957 katika neva za kaa, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Matokeo ya kazi hiyo ni kwamba upande wa ndani unakuwa hasi kuliko wa nje kwa takriban milivolti 70. Ukikisikia kiasi hicho utakidharau. Lakini utando wenyewe ni mwembamba mno, kiasi kwamba ukiigawa tofauti hiyo kwa unene wake unapata kani ya umeme ya kama volti milioni 10 kwa mita. Kila seli ya neva, ya kwako na ya mbu, inaishi huku imekazwa namna hiyo, ikisubiri kuchokozwa.

Kwenye utando huo huo imetapakaa milango ya sodiamu, yaani protini zenye tundu katikati linaloweza kufunguka na kufungwa. Tofauti ya umeme inaposhuka kutoka milivolti 70 hadi kama 55, mlango unafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, na sehemu ile ya uzi inageuka kutoka hasi kuwa chanya. Mabadiliko hayo yanaufungua mlango wa jirani, nao unaufungulia unaofuata, na hivyo ishara inasonga mbele. Kwa kuwa inaundwa upya kila hatua, haichoki njiani: iliyoanzia kwenye kidole cha mguu inafika kwenye uti wa mgongo ikiwa na ukubwa ule ule. Kisha kuna jambo la pili, nalo ndilo msingi wa hoja yangu yote. Mlango ukishafunguka, katika muda wa kama milisekunde moja unajifunga wenyewe, na kwa muda mfupi haufunguki tena hata ukichokozwa. Potasiamu inatoka, hali inarudi kama ilivyokuwa. Ni kwa sababu ya milango hiyo iliyofungwa nyuma yake kwamba ishara haiwezi kugeuka na kurudi ilikotoka. Kufunguka kunaianzisha ishara. Kujifunga ndiko kunakoifanya iwe na maana, kwa sababu ishara isiyokoma haisemi kitu.

Mwendo wake si wa umeme wa nyaya. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliupima katika neva ya chura na kupata kama mita 27 kwa sekunde, wakati mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa ameamini kwamba kasi hiyo haitapimika kamwe. Katika mwili wa binadamu nyuzi nene zilizovikwa ala ya mafuta, ambamo ishara huruka kutoka mwanya mmoja wa ala hadi mwingine, hufikia mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinazobeba maumivu ya polepole, hazivuki mita 2. Ndiyo maana ukijikwaa unajua umejikwaa kabla maumivu yenyewe hayajafika.

Waliotufumbulia kinachotokea kwenye utando ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, na mnyama waliyemtumia ni ngisi. Ngisi ana aksoni nene inayokaribia milimita moja, inayoonekana kwa macho matupu, na ndani yake unaweza kupitisha waya mwembamba. Walianza kazi Plymouth mwaka 1939, vita vikawakatiza, wakarudi na kuchapisha majibu mwaka 1952. Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo Huxley alipiga hesabu zake kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, wiki baada ya wiki, mpaka mchoro wa hesabu ukalingana na mchoro wa ngisi. Nobeli yao ilikuja mwaka 1963, pamoja na John Eccles. Cha kustaajabisha ni kwamba hawakuwa wameuona mlango wowote. Waliukisia kwa hesabu tu, na vizazi vilivyofuata vikaukuta mahali pale pale. Na kilichokutwa kwa ngisi kimekutwa kwa chura, kwa binadamu na kwa mbu, kwa sababu protini hii ni ya kale sana na viumbe hao wote wameirithi. Huo undugu ndio uliotupa silaha. Ndio pia unaotufanya tuwe waangalifu nayo.

Watu wa pwani wanaujua upande mmoja wa jambo hili bila kupita maabara. Bunju, samaki anayejivimbisha, hubeba sumu inayoziba milango ya sodiamu kutoka nje. Aliyemla bila kujua huanza kuhisi ganzi midomoni, kisha viungo vinalegea, na mwishowe misuli ya kupumua inasimama, wakati mwingine akili ikiwa bado timamu. Haina dawa ya kuitengua. Hospitali inaweza tu kumsaidia mgonjwa kupumua hadi sumu iishe. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno hufanya kazi ya aina hiyo hiyo, ila inauzuia mlango kutokea ndani, mahali padogo na kwa muda mfupi. Sumu hizi mbili zinaziba. Pareto na DDT zinafanya kinyume: zinaushika mlango ukiwa wazi na kuuzuia usijifunge, na hapo ndipo neva ya mdudu inapoanza kupiga mfululizo.

Pareto ni zao letu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia soko lilikuwa mikononi mwa Japani. Baada ya hapo Kenya ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote, na Tanzania nayo ikailima kwenye nyanda za juu za Iringa na Mbeya, ambako bado inalimwa hadi leo. Udhaifu wa dawa ya ua la pareto ni kwamba jua huiharibu haraka. DDT haikuwa na udhaifu huo. Uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, akapata Nobeli mwaka 1948, na kampeni ya dunia ya kutokomeza malaria iliyoanza mwaka 1955 ikaegemea juu yake. Madhara yake kwa mazingira yalipomfanya kila mtu aikimbie, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, waliichukua kemia ya pareto na kuibadilisha, na mwaka 1973 wakatangaza permethrini, inayostahimili jua. Zikafuata ndugu zake, deltamethrini na wengineo, kundi zima linaloitwa pairethroidi. Hizo ndizo zilizoingia kwenye vyandarua, kwa sababu zinamwangusha mbu upesi na zinamwacha salama aliyelala. Milango ya sodiamu ya binadamu haizisikii sana. Damu yetu ya moto inazipunguza nguvu, na ini letu huzivunja haraka. Ule muwasho wa usoni ambao baadhi ya watu hulalamikia wakitundika chandarua kipya ni ncha za neva za ngozi zikichokozwa kidogo, na ndiyo sababu tunaambiwa tukianike kwanza kivulini. (Paka hana bahati hiyo. Mwili wake huivunja permethrini polepole, na dawa ya kupaka mbwa inaweza kumuua.)

Mafanikio yake hayabishiwi. Jaribio la Kilifi, lililochapishwa mwaka 1996, lilionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikipungua kwa asilimia 33 na malaria kali inayowafikisha hospitali kwa asilimia 44. Huko Kilombero na Ulanga, ambako vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, watafiti wa Ifakara walikuta uhai wa watoto ukiongezeka kwa asilimia 27. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba tangu mwaka 2000 wagonjwa milioni 663 wa malaria walikuwa wameepushwa barani Afrika, na asilimia 68 ya hao waliokolewa na vyandarua. Anayeandika kuvikejeli vyandarua baada ya takwimu hizo hajui anachokiandika. Kosa letu halikuwa kuchagua pairethroidi. Kosa letu lilikuwa kuchagua hiyo peke yake, kisha kuisambaza mashambani, majoshoni na vyumbani kana kwamba haiwezi kuchakaa.

Tazama inavyochakaa. Protini ya mlango wa sodiamu wa mbu ina viungo zaidi ya 2,000 vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja asidi amino moja. Katika mbu wa kawaida, nafasi ya 1014 inakaliwa na lusini. Mwaka 1998 watafiti walieleza kwamba katika mbu sugu wa Afrika Magharibi nafasi hiyo imekaliwa na fenilalanini. Mwaka 2000 wengine wakakuta kwamba katika mbu wa magharibi mwa Kenya imekaliwa na serini. Kiungo kimoja kati ya 2,000 na ushee. Mlango unaendelea kufunguka na kujifunga kama kawaida, ishara inasafiri kama kawaida, mbu anaruka, anauma na anataga, ila dawa haiushiki tena kama zamani. Na kwa kuwa DDT na pairethroidi zinaushika mlango ule ule, badiliko lililomkinga mbu dhidi ya moja linamkinga dhidi ya nyingine. Hili halikuwa siri. Nzi wa nyumbani wasioanguka kwa DDT walikuwa wameshaandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka 20 kabla permethrini haijatangazwa. Tulipoanza kutumbukiza vyandarua kwenye pairethroidi tulikuwa tunaingia kwenye nyumba ambayo mpangaji wa kwanza alishaivunja kitasa. Hata leo deni la DDT halijaisha: mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, waliripoti mkoani Morogoro badiliko la mlango huo huo katika Anopheles funestus, mbu hatari ambaye hadi hapo hakujulikana kuwa nalo. Lilimkinga dhidi ya DDT, dawa ambayo haipuliziwi tena, na wakalihusisha na mabaki yake katika mazingira.

Sasa hesabu silaha zote. Kwa miongo mingi Shirika la Afya Duniani lilikuwa na makundi manne ya dawa za kupulizia ukutani: DDT na jamaa zake, pairethroidi, oganofosfeti na kabamati. Yanasikika kama manne. Ukiyatazama kwa jicho la neva, ni mawili. Mawili ya kwanza yanaushambulia mlango wa sodiamu kwenye aksoni. Mawili ya mwisho yanashambulia kimeng'enya kimoja mahali neva moja inapokabidhi ujumbe kwa nyingine. Kwenye vyandarua hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu huko kundi lilikuwa moja tu. Orodha ya majina ya biashara inayotundikwa kwenye duka la pembejeo humfanya mnunuzi aamini kuwa ana uchaguzi mpana, naye mkuu wa mpango wa malaria anayebadilisha permethrini kwa deltamethrini anaweza kuandika kwenye ripoti kwamba amebadilisha dawa. Mbu hasomi ripoti. Kwake mlango ni ule ule.

Kuna wanaosema kelele hizi zimepitiliza, kwa sababu vyandarua bado vinafanya kazi. Wana ushahidi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba waliolala ndani ya vyandarua waliugua kidogo kuliko wasiolala, hata mahali usugu ulipokuwa mkubwa. Naukubali utafiti huo bila kigugumizi, na usimshawishi mtu kukitoa chandarua chake kitandani. Lakini soma swali uliloliuliza: je, mwenye chandarua ana nafuu kuliko asiyekuwa nacho? Hilo ni tofauti na kuuliza kama chandarua cha dawa nyingine kingemlinda vizuri zaidi. Kitambaa kisichotoboka kitamzuia mbu hata kama kimelowekwa kwenye maji matupu. Tatizo ni kwamba vitambaa vinatoboka, na faida ya jirani asiye na chandarua, aliyekuwa akilindwa kwa sababu mbu walikufa nyumba ya pili, inapotea mbu wanapoacha kufa. Swali la pili limeshajibiwa, na limejibiwa Tanzania.

Huko Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti waligawa vyandarua vya aina nne katika maeneo 84 na kuwafuatilia watoto kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miezi 24, mahali palipogawiwa vyandarua vya pairethroidi pekee, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8. Mahali palipogawiwa vyenye pairethroidi pamoja na PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu huvitumia kuivunja dawa, walikuwa asilimia 40.7, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Mahali palipogawiwa vyenye pairethroidi pamoja na klorofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Jaribio la Benin lililofuata lilitoa picha hiyo hiyo, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo. Kwa nini klorofenapiri ishinde? Kwa sababu haiigusi neva. Inaingia kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nishati, na kuivuruga mpaka mbu anaishiwa nguvu na kufa, mara nyingi siku moja au zaidi baadaye. Kuna kejeli tamu hapa: klorofenapiri huwa sumu kamili baada ya kubadilishwa na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, na miongoni mwa vimeng'enya hivyo vimo vile vile vinavyomsaidia kuivunja pairethroidi.

Mtaalamu atanikosoa hapo hapo: kama vimeng'enya ndivyo vinavyoivunja dawa, basi usugu hauko kwenye mlango wa sodiamu peke yake, na nimeukuza mlango kupita kiasi. Ni kweli kwamba mbu wana njia zaidi ya moja. Wapo wenye vimeng'enya vingi, wapo wenye ngozi nene, na funestus wa Kanda ya Ziwa wanategemea zaidi vimeng'enya. Lakini kila njia kati ya hizo ina faida kwa mbu kwa sababu moja tu, kwamba tumekuwa tukimpiga kwa kundi moja lenye shabaha moja. Anayeshambuliwa mahali pamoja atapajenga mahali hapo kwa kila tofali alilo nalo. Matokeo ya PBO ni ushahidi wa hilo: tulimwondolea mbu vimeng'enya, tukaendelea kuulenga mlango ule ule, na nafuu iliyoonekana mwaka wa kwanza, kama ilivyokuwa imeonekana katika jaribio la Muleba miaka michache kabla, haikudumu hadi mwaka wa pili.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka shambani. Mkulima wa nyanya, pamba au mboga anatumia pairethroidi kwa sababu ni rahisi, inapatikana hadi vijijini, na haimdhuru yeye kama zinavyomdhuru oganofosfeti. Maji ya mfereji na madimbwi ya shambani ndimo viluwiluwi vya mbu vinamokulia, vikionja dawa kidogo kidogo tangu utotoni. Ng'ombe wanaogeshwa kwa dawa za kundi hilo hilo majoshoni. Koili tunazochoma sebuleni na makopo ya kupulizia ni kundi hilo hilo. Tafiti za Benin, Burkina Faso na Tanzania zimehusisha matumizi ya viuatilifu vya kilimo na usugu wa mbu. Je, tumnyang'anye mkulima dawa yake kwa ajili ya mbu? Hapana; na kumsukuma arudi kwenye oganofosfeti kungekuwa ukatili. Ila tusimdanganye pia kwamba dawa hiyo inamtumikia. Kantangaze, yule nondo anayemaliza nyanya, amekutwa Brazil na Ulaya akiwa na badiliko kwenye nafasi ya 1014 ya mlango wa sodiamu, lusini imegeuka fenilalanini, sawasawa na mbu wa Afrika Magharibi. Mkulima anayepulizia mara tatu kwa wiki bila mafanikio na mama anayemwuguza mtoto mwenye homa wanaliwa na badiliko lile lile la kemia. Wote wawili wana maslahi katika kupokezana dawa kwa shabaha: msimu huu neva, msimu ujao nishati, msimu unaofuata njia isiyo ya kemikali kabisa.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Chandarua chenye klorofenapiri ni ghali kuliko cha kawaida, lakini watafiti wa Misungwi walipiga hesabu na kukuta kwamba kati ya aina walizolinganisha hicho ndicho chenye tija kubwa kwa fedha inayotumika. Chandarua rahisi kinachowaacha karibu nusu ya watoto na vimelea si rahisi.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba klorofenapiri haikuzaliwa kwa ajili ya malaria. Ilianza kama dawa ya mazao, na ikisambaa mashambani kwetu kama zilivyosambaa pairethroidi tutakuwa tumerudia historia huku tukiijua. Kwa hiyo nawaomba wanaohusika mambo matatu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu nchini Tanzania, pamoja na bodi inayosimamia viuatilifu Kenya, zikae meza moja na wizara za afya kabla ya kusajili kiuatilifu chochote cha shambani kinacholingana na kile kilichomo kwenye vyandarua. Wizara ya afya iwe na sauti ya kupinga, si barua ya kufahamishwa tu. Lebo ya kila chupa iandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, dawa inashambulia nini: mlango wa sodiamu, kimeng'enya cha neva, nishati ya seli. Makundi hayo tayari yana namba za kimataifa, pairethroidi zikiwa kundi la 3 na klorofenapiri la 13, na muuzaji wa pembejeo anayeweza kukariri bei za makopo hamsini anaweza kukariri namba kumi. Na vipimo vya usugu wa mbu vitangazwe kwa kila wilaya kabla ya zabuni ya vyandarua kufunguliwa, ili mwananchi ajue kama kile atakachopewa kliniki au mwanawe atakacholetewa shuleni kinaua mbu wa kijijini kwao. Malaria bado inaua karibu watu 600,000 kwa mwaka, wengi wao watoto wa Afrika. Klorofenapiri ina miaka michache tu juu ya vitanda vyetu. Wizara zetu ziilinde sasa, kabla haijazoeleka madukani.